Kinachovunjika na Kinacholegea: Mafunzo Niliyopata kwenye Bastola ya Mashindano

Bastola ya kujilinda inaweza kukaa kiunoni mwa mwenyewe miaka kumi bila kumaliza boksi ishirini za risasi. Ya mashindano humaliza hizo kabla ya Pasaka, na mwaka ndio kwanza umeanza. Ndiyo maana ukimtajia mwenye silaha wa kawaida habari za vipuri, hukukodolea macho. Kwake bastola ni chuma, na chuma hakiishi.

Mimi nashindana kwa bastola ya milimita 9 hapa Kenya, kwa mtindo unaosimamiwa duniani na IPSC, shirikisho lililoundwa mwaka 1976 katika mkutano wa Columbia, Missouri, rais wake wa kwanza akiwa Jeff Cooper. Hesabu yake ni kali: alama ulizopata kwenye shabaha hugawanywa kwa sekunde ulizotumia. Bastola ikikwama, saa haikungojei. Kanuni hukupa dakika mbili za kujaribu kuikwamua, mdomo wa mtutu ukielekea salama upande wa shabaha na kidole kikiwa nje ya kifyatulio. Zikipita, kituo hicho kimekwisha, na alama zako ni zile ulizokwisha kuzipata. Hakuna kurudia kwa sababu springi yako imekufa.

Wengi wanaogopa kuvunjika. Mimi naogopa kulegea. Kipuri kilichovunjika hukunyang'anya kituo kimoja, unakibadilisha, mambo yanaisha. Kilicholegea hukaa nawe msimu mzima, huku ukilaumu mikono yako, macho yako, risasi za duka fulani, hata upepo.

1. Springi kuu hufa bila kusema

Risasi inapotoka, slaidi hurudi nyuma kwa kishindo na kuigandamiza springi iliyo chini ya mtutu. Springi hiyo ndiyo inayoirudisha mbele na kuichukua risasi inayofuata. Kila mgandamizo huipunguzia nguvu kidogo, kama godoro la sponji: hulioni likibonyea, ila siku moja unaamka na mgongo unauma.

Kwa bastola za muundo wa 1911 zinazotumia risasi ya .45, ushauri uliozoeleka ni kuibadilisha kila baada ya risasi 2,000 hivi. Nyingi za milimita 9 hustahimili zaidi, 3,000 hadi 5,000. Sizichukulii takwimu hizi kama amri, lakini zinanisaidia kuliko macho yangu, kwa sababu springi iliyochoka hung'aa vilevile kama mpya. Dalili ziko kwingine. Maganda huanza kuanguka mbali kuliko zamani. Teke hubadilika, slaidi inagonga fremu kwa mlio mkavu zaidi, na kilengeo cha mbele hakirudi mahali pake kwa wepesi ule ule. Kisha siku ya vumbi slaidi inashindwa kufunga hadi mwisho, na hapo ndipo watu husema bastola "imeanza" kusumbua. Haikuanza leo. Ilaze springi hiyo mezani kando ya mpya uone ilivyofupika.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo mafundi wa mtaani wanalipenda sana: kutia springi nzito "ili kuilinda fremu". Slaidi nayo inarudi mbele kwa nguvu mno, mdomo wa bastola unainama kila baada ya risasi, na kwa risasi laini za mashindano maganda hayatoki vizuri. Kumbuka wengi wetu tunapiga daraja la chini la nguvu, ambalo kizingiti chake ni 125: uzito wa risasi kwa greni, mara mwendo wake kwa futi kila sekunde, gawanya kwa 1,000. Risasi ya greni 124 inayokwenda futi 1,050 hutoa 130. Hiyo ni risasi ya upole, inataka springi ya upole.

2. Pini moja hubeba kazi ya kumi

Kizuizi cha slaidi ni ule wenzo mdogo wa ubavuni unaoishika slaidi nyuma magazini ikiisha. Mtu akiuona hudhani hiyo ndiyo kazi yake yote. Kumbe kwenye 1911 ya John Browning, na katika ukoo mzima uliofuata njia yake, ikiwemo CZ 75 ya ndugu wawili Josef na František Koucký, pini ya wenzo huo hupita katikati ya fremu na kuushika mtutu kwa chini. Kila risasi inapolipuka, mtutu na slaidi hurudi pamoja vikiwa vimefungana, kisha mtutu hulazimika kushuka ili slaidi iendelee peke yake. Mtutu hushuka kwa kuegemea pini hiyo, na kila mara pini hupigwa.

Yangu ilivunjika kwenye mashindano, kituo cha katikati, nikiwa nimebakiza mabamba mawili ya chuma. Hakukuwa na mlio wowote wa ajabu. Slaidi ilisimama nusu njia, ikakataa kwenda mbele wala nyuma, na wenzo ukawa unacheza kidoleni. Nilinyoosha mkono, nikamwita msimamizi, alama zikaandikwa zilivyokuwa. Aliyeniokoa kwa vituo vilivyobaki ni mama mmoja wa kundi letu. "Ndugu yangu, unakujaje hapa bila hii?" akaniuliza, akachomoa kizuizi kipya kutoka kwenye kikopo cha dawa ya kikohozi. Kilikaa bila hata kupigwa tupa, na hiyo ni bahati, kwa sababu vingine huhitaji kurekebishwa kidogo ili visiguse ncha ya risasi ndani ya magazini na kuizuia slaidi nyuma kabla ya wakati. Kipuri ambacho hujakijaribu uwanjani usikihesabu kuwa unacho.

Jambo la kushangaza ni kwamba mara nyingine pini hukatika na bastola ikaendelea kupiga kama kawaida, vipande viwili vikishikana ndani ya tundu lake, hadi jioni ya kuifungua kuisafisha. Kwa hiyo kila ninapoitoa naipitisha chini ya lenzi, hasa pale pini inapoungana na bamba la wenzo. Ufa wa kwanza mara nyingi huonekana kama unywele mweusi ambao kitambaa hakiufuti.

3. Ukucha unaolivuta ganda

Ekstrakta ni ukucha wa chuma unaoshika ukingo wa ganda na kulitoa kwenye chemba. Kwenye 1911 ya asili ni kipande kimoja kirefu cha chuma cha springi, kilichopindwa kidogo, na mkunjo wake wenyewe ndio nguvu yake. Bastola nyingi za baadaye zina kipande kifupi upande wa nje wa slaidi, kinachosukumwa na springi ndogo. Ya kwanza hupoteza mkunjo. Ya pili huchoka springi, au hujaa masizi magumu chini ya ukucha hadi ukashindwa kushika.

Hapa ndipo kulegea kunapotesa watu. Rafiki yangu mmoja aliteseka karibu msimu mzima na maganda yaliyosimama wima kwenye dirisha la slaidi, moja leo, mawili wiki ijayo, hakuna kabisa mazoezini. Alibadilisha risasi. Alibadilisha mshiko, kwa sababu kuna aliyemwambia mkono wake ni mlegevu. Akalipia mafunzo. Dawa ilikuwa springi isiyozidi urefu wa punje ya mchele.

Kipimo ni rahisi na hakihitaji fundi. Toa slaidi, telezesha ganda tupu au risasi bandia chini ya ukucha, kisha itikise slaidi taratibu. Ganda linapaswa kubaki. Likidondoka lenyewe, umeshapata jibu. Na usitumie risasi ya kweli kwa kipimo hiki, hata kama uko peke yako na una haraka.

Kuna pia tabia inayoua ekstrakta za aina ya kwanza. Risasi imekusudiwa kupanda kutoka kwenye magazini na kuteleza chini ya ukucha. Anayeidondosha kwa mkono moja kwa moja ndani ya chemba, kisha akaachia slaidi, huulazimisha ukucha kuuruka ukingo wa ganda. 1911 hailisahau jambo hilo.

4. Skrubu

Teke hufungua skrubu zote, ni suala la lini tu. Za kilengeo, za mishiko, na zaidi za darubini ya nukta nyekundu iliyofungwa juu ya slaidi, kwa sababu darubini hiyo hukimbia mbele na nyuma pamoja na chuma kila unapopiga. Gundi ya skrubu ya buluu, tone dogo, kwenye nyuzi zilizofutwa mafuta. Nyekundu usiguse isipokuwa una njia ya kuipasha moto siku ya kufungua. Kisha chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi chuma cha jirani. Mstari ukikatika, skrubu imesogea. Wauzaji wa rangi hiyo hawaulizi maswali, ingawa mke wangu aliuliza.

5. Kifyatulio chepesi kina bei yake

Hakuna kitu ambacho washindani hukichezea kama kifyatulio. Springi ya nyundo hubadilishwa kwa iliyo dhaifu, ya kurudisha kifyatulio vilevile, na kidole kinafurahi. Huko Ulaya na Marekani mtu anaweza kufanya hivyo akiwa na uhakika wa fataki (kile kilipuzi kidogo kitakoni mwa ganda) atakazotumia, kwa sababu anajaza maganda yake mwenyewe na kuchagua fataki laini. Sisi tunapiga kilicholetwa. Mwezi huu muuzaji ana risasi za nchi moja, mwezi ujao za nyingine, na zile zilizotengenezwa kwa vigezo vya kijeshi mara nyingi zina fataki ngumu. Nyundo iliyopunguzwa nguvu inaigonga fataki, inaacha alama hafifu, na kimya kinafuata. Maoni yangu, ambayo yamenigombanisha na zaidi ya mtu mmoja, ni kwamba kwa soko letu springi ya nyundo iachwe karibu na ilivyotoka kiwandani. Sekunde unayoipata kwa wepesi huilipa kwa risasi moja isiyolipuka.

Springi ya kurudisha kifyatulio ni habari nyingine. Ni waya mwembamba unaopindwa kila unapovuta, ukiwa na risasi au bila risasi, na mazoezi ya nyumbani bila risasi huhesabika vilevile. Ikikatika, kifyatulio hubaki nyuma. Nimeona mtu akikisukuma mbele kwa kidole baada ya kila risasi hadi akamaliza kituo. Watazamaji walimshangilia, ila sekunde zake hazikusimulika.

Ukiishi pwani ongeza kutu kwenye hesabu. Jasho na hewa ya chumvi huchimba vidoa vidogo kwenye waya wa springi, na waya huanza kupasuka hapo hapo. Kwa mtu wa Mombasa springi yenye kidoa cha kutu haifutwi ikarudishwa. Hutupwa.

Mazoezi bila risasi yanagusa pia pini inayopiga fataki. Katika baadhi ya bastola pini hiyo huzuiwa isiruke mbele na kipini chembamba cha mviringo, na ikifyatuliwa maelfu ya mara bila cha kuipokea, kipini hujikunja, mwishowe hukatika. Risasi bandia zenye mto wa mpira mahali pa fataki ni za bei ndogo sana ukilinganisha.

6. Magazini ni chakavu hadi ithibitishe vinginevyo

Ningelazimishwa kubahatisha chanzo cha mkwamo nikiwa nimefumba macho, ningesema magazini, na mara nyingi ningepatia. Ndicho kifaa pekee cha bastola tunachokiangusha chini kwa makusudi, kikiwa bado na risasi ndani, juu ya kokoto, kisha mwenzetu anakikanyaga akienda kubandika karatasi za shabaha.

Kinachoharibika kwanza ni midomo yake, zile kingo mbili za juu zinazoishika risasi. Zikifunguka kwa tofauti ambayo jicho haliioni, risasi hutoka mapema au kwa pembe isiyofaa na kuelekeza pua juu. Zikibanwa, risasi haitoki. Nina kipimo cha kaliba, na nilipokuwa na magazini mpya nilipima upana wa midomo yake na kuuandika ubavuni kwa kalamu ya rangi. Leo napima tena na kulinganisha. Kuna wanaoinyoosha kwa koleo. Mimi nilishaamua magazini iliyofunguka midomo ishuke daraja, itumike mazoezini, tena mazoezi ya kukwamua bastola.

Springi ya ndani nayo huchoka, na dalili yake hukaa mwishoni: risasi mbili za mwisho hupanda polepole, au slaidi inajifunga juu ya magazini tupu badala ya kubaki nyuma. Mabishano ya kama magazini iliyojazwa ikakaa huharibu springi hayataisha leo. Ninachokiona ni kwamba kinachoichosha zaidi ni kubanwa na kuachiwa mara nyingi kuliko kubanwa ikatulia. Magazini ya akiba iliyo kabatini haijawahi kunisumbua. Zile za mazoezi hunisumbua.

Halafu vumbi. Uwanja wa Kirigiti, Kiambu, udongo wake ni mwekundu, na ukichanganyika na mafuta huwa ugali mzito ndani ya magazini. Ndani ya magazini hapatiwi mafuta. Kitambaa kikavu kinatosha. Nimezipa zangu nambari kwa rangi nyeupe kwenye kitako, kwa sababu mkwamo usio na nambari hautatuliki. Ukijua ni ya nne iliyokwama, tena ni ya nne ile ya juzi, uchunguzi umeisha.

7. Mtutu ndio wa mwisho

Watu wanaoanza huniuliza kwanza kuhusu mtutu. Utachakaa lini? Wa milimita 9 huweza kupiga makumi ya maelfu ya risasi kabla shabaha haijaanza kutawanyika, na mpigaji wa kawaida atauza bastola kabla ya hapo. Unapoona shabaha zimetawanyika, kagua kwanza kilengeo kilicholegea.

Slaidi ndiyo inayostahili woga kidogo. Mwaka 1985 jeshi la Marekani liliichagua Beretta 92 kuwa bastola yake kwa jina la M9. Miaka michache baadaye slaidi za baadhi zilikatika zikipigwa, kipande cha nyuma kikawarukia wapigaji na kuwajeruhi. Mabishano yalikuwa makali, wengine wakilaumu chuma na wengine risasi zenye shinikizo kubwa. Mimi hunivutia zaidi dawa waliyoichagua kwa toleo la 92FS: pini ya nyundo ilipewa kichwa kikubwa kinachoingia katika mfereji uliochongwa kwenye slaidi, ili slaidi ikikatika isiweze kutoka nyuma. Wabunifu walikubali kwamba chuma kinaweza kukatika, wakaamua vipande vyake viishie wapi.

Kwa hiyo nikisafisha nakagua pembe za dirisha la slaidi na kila mahali chuma kilipokatwa kwa kona kali, kwa sababu nyufa hupenda kona.

8. Uchakavu mmoja hauvumiliwi

Ndani ya bastola yenye nyundo kuna jino dogo linaloishika nyundo ikiwa imekokwa. Kingo zake zikilika, au zikipigwa tupa na mtu anayetafuta wepesi, nyundo huweza kufuata slaidi ikirudi mbele, au bastola kutoa risasi mbili kwa mvuto mmoja. Hili si la kumalizia kituo kwanza. Acha kupiga, elekeza mtutu kwenye tuta, mwite msimamizi. Yeye mwenyewe akishuku kitu hicho atakusimamisha, na ana haki. Jino hilo na nyundo hushughulikiwa na fundi mwenye leseni, na hununuliwa vikiwa jozi. Sijaona tupa ya nyumbani iliyoleta heri hapo.

9. Imepiga ngapi?

Fundi ninayemwamini ana swali moja kwa kila mtu. Kijana aliyekuwa mbele yangu siku moja alianza kueleza: "Mzee, inakwama, lakini naisafisha kila wiki, angalia inavyong'aa."

"Nimeona. Imepiga ngapi?"

Kijana akanyamaza. Mzee akaiweka kando na kumwambia akae chini wakadirie pamoja, kwa risiti za risasi.

Hapo ndipo tulipo wengi. Tunasafisha kwa bidii kwa sababu kusafisha kunaonekana, na hatuhesabu. Mafuta hayairudishii springi nguvu. Daftari langu ni la shule, la kurasa themanini, na kila siku ya kupiga ina mstari mmoja: tarehe, idadi ya risasi, nambari ya magazini iliyokwama kama ipo, kipuri kilichobadilishwa. Sihitaji programu ya simu, ingawa vijana wanazo.

Daftari lina faida nyingine kwetu: vipuri havipatikani siku unapovihitaji. Mtutu au slaidi si vitu vya kuagiza ovyo na kusubiri posta. Hupitia kwa muuzaji mwenye leseni, pamoja na karatasi zake, na hata kijispringi kinaweza kungoja mzigo wa miezi. Anayehesabu huagiza kabla. Bastola ya pili ingekuwa jibu rahisi zaidi, maana kanuni huruhusu kubadilisha iliyoharibika kwa idhini ya msimamizi mkuu wa mashindano, lakini kwa wengi wetu bastola ya pili ni maombi mapya, ada mpya na maelezo mapya mbele ya Bodi ya Leseni za Silaha.

Agizo langu la mwaka huu lina vizuizi viwili vya slaidi, springi kuu nne, springi za kifyatulio tatu, ekstrakta moja na springi zake, vipini vya mviringo pakiti moja, springi za magazini kwa zote zenye nambari, na skrubu za darubini. Mtutu haumo.